Mafundi mnaopiga Windows bila kuchomoa diski nyingine, mnatutia hasara

Wakuu, nimekaa siku tatu nikijizuia kuandika kwa hasira. Hasira haijapungua, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nina studio ndogo ya video za harusi hapa Mwanza. Kompyuta yangu ya mezani ina diski tatu: SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256 yenye Windows, HDD (diski ya kawaida inayozunguka) ya TB 1 iliyokuja na mashine, na HDD ya TB 4 ninayowekea kazi za wateja. SSD niliwekewa na fundi mwaka 2022. Akaifunga, akachomeka flashi, akapiga Windows, akachukua hela yake akaondoka. Mashine ikawa inawaka kufumba na kufumbua. Nilimsifia kwa watu.

Mwezi uliopita ile HDD ya TB 1 ikaanza kugonga. Tik, tik, tik, kimya, halafu tik tena. Vya maana nilishavihamisha zamani, basi nikazima mashine, nikachomoa nyaya zake mbili, nikawasha. Skrini nyeusi na mstari mmoja mweupe: hakuna diski ya kuwashia. Windows imo kwenye SSD, BIOS, programu ya ndani inayoiamsha mashine, inaiona SSD, na mashine haiwaki!

Kila anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kujua kilichotokea. Kompyuta ya UEFI, yaani yenye BIOS ya kisasa, haianzi na C, ile sehemu yenye Windows. Inatafuta kwanza patisheni ndogo ya EFI, yaani kipande cha diski kilichotengwa, mara nyingi cha MB 100, kilichofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na humo ndimo yanamokaa mafaili ya kuiamsha Windows. Ukipiga Windows kwenye SSD mpya huku diski ya zamani imechomekwa na tayari ina patisheni ya EFI, kwa kawaida kisakinishi hakitengenezi nyingine. Kinaitumia ile ile ya zamani. Windows inakaa kwenye SSD, mafaili ya kuiwasha yanabaki kwenye diski kuukuu. Mteja anaambiwa "sasa uko kwenye SSD, bosi", kumbe uhai wa mashine yake uko kwenye chuma kilichochoka. Mashine za zamani zenye BIOS ya kale na MBR (mtindo wa zamani wa kugawa diski) zina mtego huo huo, ila huko utakuta patisheni imeandikwa "System Reserved".

Na majina nayo yanachanganya watu. Kwa lugha ya Microsoft, patisheni yenye mafaili ya kuwashia ndiyo inayoitwa "System", na yenye Windows yenyewe ndiyo inayoitwa "Boot". Nimesoma mara tatu ndipo nikaamini. Mteja wa kawaida anaweza kusamehewa akichanganya hapo. Fundi hapana.

Mashine nikaipeleka kwa fundi mwingine, duka moja hapa mjini. Akaitazama dakika mbili, akasema Windows imekufa. Nikamwambia ninayo imeji ya mfumo, yaani nakala kamili ya Windows ya kurudishia mashine, huwa naitengeneza kila mwezi kwenye diski ya nje, kwa ile "Backup and Restore" ya kwenye Control Panel. Akasema safi, tunairudisha, njoo jioni. Akawasha kwa flashi, akachomeka diski yangu ya nje, akabonyeza Next, Next, Finish.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipoumia. Imeji ile haichukui C peke yake. Inabeba kila patisheni ambayo Windows inaihitaji ili iwake, pamoja na ile ya EFI iliyokuwa kwenye diski mbovu. Kwa hiyo wakati wa kurudisha inataka diski mbili: moja badala ya SSD, na nyingine isiyo ndogo kuliko ile ya TB 1. Ndiyo, kwa ajili ya kipande cha MB 100 inadai diski yenye ukubwa wa ile ya mwanzo! Na diski pekee ya kutosha iliyobaki ndani ya mashine ilikuwa ile ya TB 4 yenye video za wateja wangu.

Pale kwenye skrini pana kisanduku kimeandikwa "Format and repartition disks". Maana yake ni kwamba patisheni zilizopo zinafutwa na diski zinagawanywa upya zifanane na imeji. Kando yake pana kitufe cha "Exclude disks", cha kuzitoa diski usizotaka ziguswe. Fundi hakukigusa. Hakuchomoa hata waya mmoja. Hakunipigia simu kuniuliza ile diski kubwa ina nini.

Jioni nakuta Windows inawaka, jamaa anatabasamu. Nafungua diski yangu ya kazi, haipo. Nafungua Disk Management, dirisha la Windows linaloonyesha diski na patisheni zake: diski ya TB 4 ina patisheni ya EFI ya MB 100 mwanzoni, kisha mgawanyo wenye ukubwa ule ule wa diski niliyoitupa, na mbele yake nafasi nyeusi isiyo na kitu. Yaani diski yangu ya kazi ilikuwa imevalishwa umbo la maiti. Na ule ugonjwa wa mwanzo haukutibiwa, maana mafaili ya kuwashia safari hii yamehamia kwenye diski ya video. Nikiichomoa, mashine haiwaki tena.

Nikamuuliza. Akanijibu, "Bosi, kompyuta ndiyo inavyofanya."

Hapana! Kompyuta imefanya ulichoiamuru. SSD haikuwa na kosa, Windows haikufa, imeji haikuhitajika kabisa. Ilitakiwa kazi ya dakika tano, na naiandika hapa mwenye shida kama yangu aipate. Anzisha mashine kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift na F10 lifunguke dirisha la amri, andika diskpart, programu ya kugawa diski. Kwa list disk itambue SSD kwa ukubwa wake na uichague, usikisie namba. Hakikisha ni GPT, mtindo mpya wa kugawa diski. Ichague C kwa list volume na select volume, kisha ipunguze kidogo, mathalani MB 300, kwa shrink desired=300. Kisha create partition efi size=260, halafu format quick fs=fat32, halafu assign letter=S. Toka diskpart, andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Angalia tu herufi, maana ukiwa kwenye flashi Windows yako inaweza kuonekana kama D au E. Basi, SSD inajitegemea.

Na ile njia ya imeji, Microsoft wenyewe waliiweka kwenye orodha ya vitu walivyoacha kuviendeleza tangu Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017, wakashauri watu watumie programu za wengine. Ipo Clonezilla, programu ya kunakili diski, haina malipo, na unaichagulia mwenyewe diski ya kuandikia. Mafundi wangapi wamewaambia wateja wao hilo?

Ile diski niliichomoa palepale, sijaiandikia chochote. PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyopotea, imenirudishia mafaili mengi, lakini video ndefu zinatoka vipande vipande, nyingi hazichezi. Harusi mbili nimeziokoa kwa sababu kadi za kamera zilikuwa bado hazijafomatiwa. Ya tatu, kadi ilishatumika tena. Mama wa bibi harusi nilipompigia alinyamaza kwanza, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, hata pale tulipomkabidhi mwali hapapo?" Nimepata sekunde arobaini, sauti bila picha.

Wenye kompyuta za diski mbili na kuendelea, fungueni Disk Management leo usiku muone "EFI System Partition" iko diski ipi. Kama haiko pamoja na C, mrudieni aliyewawekea airekebishe bila malipo. Nanyi mafundi, kabla ya kupiga Windows chomoeni kila diski isiyohusika. Ni waya mmoja wa SATA, ule wa data, unatoka kwa vidole viwili.

Jumamosi naenda kwa yule mama, nampelekea sekunde zake arobaini na kumrudishia hela yote. Fundi wa 2022 na wewe wa mwezi huu, kama mnapita humu, namba yangu mnayo.