Kwa nini ndege hutua kwa kishindo wakati wa mvua?

Mkaazi wa Miritini
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Masika haya nilisafiri kutoka Nairobi, na tulipofika uwanja wa Moi, Mombasa, tuliikuta njia ya kutulia imelowa chapachapa. Rubani aliitua ndege kwa kishindo hadi makabati ya juu yakatikisika, injini zikanguruma papo hapo, na abiria wengi wakalalamika kwamba hajui kazi. Je, kama njia inateleza, si ingekuwa salama zaidi kuigusa polepole?

Fundi wa Ndege, Changamwe
Wa aleikum salaam. Kishindo kile huwa cha makusudi, na binafsi naona rubani wenu alistahili pongezi. Ndege kama Boeing 737 hugusa ardhi kwa kasi inayokaribia kilomita 250 kwa saa, na maji yaliyotuama yasipopata pa kukimbilia hujikusanya mbele ya tairi na kuliinua, likabaki linaelea, breki zisiwe na faida yoyote. Ili kuikadiria kasi hiyo, chukua kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi, kwa pauni kwa inchi mraba, ukizidishe kwa 9: tairi lenye pauni 200 huweza kuelea kuanzia maili 127 za baharini kwa saa, yaani takriban kilomita 235. Kutua kwa uthabiti hulipasua tabaka la maji na kuyazungusha magurudumu mapema; vibao vya juu ya mabawa navyo husimama, vikaiondoa nguvu ya kuinua, uzito wote ukashukia matairi. Mngurumo mliousikia ni wa injini kusukuma hewa kuelekea mbele, msaada ambao hautegemei kabisa mshiko wa tairi.

Mwanafunzi wa Urubani
Naongezea kwamba kutua kwa ulaini huila njia. Tarehe 2 Agosti 2005 Airbus A340 ya Air France ilitua Toronto katika dhoruba ya mvua, ikagusa ardhi takriban mita 1,160 kutoka mwanzo wa njia ya mita 2,743, ikapitiliza hadi bondeni na kuteketea. Namshukuru Mungu kwamba watu wote 309 walinusurika. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mita zilizopitwa hewani hazifungiwi breki. Njia yetu kuu ina mita 3,350, nayo imeelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, kwa hiyo kaskazi na kusi mara nyingi husaidia kuipunguza kasi.

Mkaazi wa Miritini
Ahsanteni sana. Rubani hujuaje kina cha maji kabla hajatua?

Fundi wa Ndege, Changamwe
Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ulioanza Novemba 2021, wakaguzi wa uwanja huipa kila theluthi ya njia alama kati ya 0 na 6. Njia kavu hupata 6, iliyolowa kwa kawaida 5, na maji yaliyotuama kupita milimita 3 huishusha hadi 2. Rubani huiingiza alama hiyo katika hesabu ya umbali wa kusimama. Akiona njia haitoshi, huzunguka angani akingoja mvua ipungue, au huelekea uwanja mwingine.