Benki za Marekani ni kausha damu waliovaa tai: nimezidisha dola 32, wamenikata 140

Wakuu heshima mbele.

Saa 9 usiku niko shifti huku Houston, mzee ninayemlea kalala anakoroma, mimi nimekaa jikoni kwake nina hasira mpaka simu inateleza mkononi, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama nakimbizwa.

Benki yangu imenikata dola 140 kwa usiku mmoja. Jina la benki silitaji, sina hela ya wakili. Dola 140 ni zaidi ya laki tatu za nyumbani. Mimi nalipwa dola 16 kwa saa, pigeni hesabu, ni karibu saa 9 za kumgeuza mzee kitandani, kumuogesha na kumbadilisha, na hapo kodi bado haijapita na chake. Mnaosema tuliokuja kubeba maboksi tunaokota dola njiani karibuni mje muokote.

Nianze na kosa langu mwenyewe ili wale wazee wa "jifunze bajeti kijana" wakose kazi. Ndiyo, nilizidisha, yaani hela iliyotoka ilizidi iliyokuwepo, huku wanaita ovadrafti (overdraft), benki inakujazia pengo alafu inakutoza ada. Mwezi wa saba nilipiga simu bima ya gari nikahamisha tarehe ya makato kutoka 5 kwenda 2, nikasahau kabisa, kichwani ikabaki 5. Mshahara unaingia tarehe 3. Kwa hiyo kuna usiku mmoja tu, mmoja jamani, ambao akaunti yangu ilipungukiwa, na ilipungukiwa dola 32 na senti 70. Hilo ndo deni langu, nalikubali, hata kwa mjumbe nitalikubali.

Sasa oneni mchezo.

Ijumaa jioni nina dola 236. Nikapitia kahawa, 4.85. Jumamosi mafuta ya gari 30, pampasi za mtoto 18.60. Jumapili baada ya kanisa tukala, 11. Jumatatu nikaenda kufua, mashine zile za kulipia kwa kadi, 6.25. Kila nikiswaipu kadi inakubali na apu inanionyesha salio lililobaki, mpaka Jumatatu usiku nikalala inasoma 165.30. Jumatatu yenyewe ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi ya huku, benki zimefungwa, kwa hiyo vitu vyote vile vya tangu Ijumaa vikawa vimekaa tu vinasubiri, vimeandikwa "pendingi".

Jumanne bima ikaja kuvuta 198 yake.

Mtu yeyote aliyesoma mpaka la nne anajua nini kilitakiwa kutokea. Kahawa ilinunuliwa kwanza itoke kwanza, mafuta, pampasi, chakula, kufua, alafu bima ije mwisho ikute 165.30, ipelee, nipigwe ada moja ya dola 35 nitukane kidogo nisahau. Ada moja!

Hawakufanya hivyo. Usiku walipokaa kuposti miamala, yaani kuitoa rasmi kwenye akaunti, wakaipanga kwa ukubwa. Bima ya Jumanne ikawekwa mbele ya kahawa ya Ijumaa. Wakatoa 198 ikabaki 38, wakatoa mafuta ikabaki 8, alafu pampasi ikakuta 8, hiyo ada ya kwanza. Chakula ada ya pili. Kufua ada ya tatu. Kahawa ada ya nne. Nne mara 35 ni 140. Na ukisoma kwenye tovuti yao wanajisifu kabisa kwamba wao wanajali wateja, hawatozi zaidi ya ada 4 kwa siku. Kumbe mimi nimemaliza kifurushi.

Ni sawa na foleni ya maji bombani. Watu wamepanga ndoo tangu alfajiri, saa 4 anakuja mwenye pipa la lita 200 anawekwa mbele kabisa, maji yanakata, alafu wenye ndoo ndo wanatozwa faini kwa kukosa maji. Na anayepanga foleni ndo huyohuyo anayekusanya faini.

Hela niliyozidisha ni ileile 32.70 upange vyovyote. Kinachobadilika ni idadi ya ada tu. Kwa hiyo wamenikopesha dola 32.70 toka Jumanne usiku mpaka Jumatano asubuhi mshahara ulipoingia, wakachukua 140 juu, zaidi ya mara nne ya mkopo wenyewe, kwa usiku mmoja. Wale wakopeshaji wa kausha damu kule nyumbani, wenye mikopo ya riba za kukamua, wakisikia hii wataona aibu kwa niaba ya hawa. Mtu wa kausha damu angalau anakuja kubeba kochi mchana kweupe majirani wakiona.

Nikapiga kastama kea. Dakika 47 nasikilizishwa piano. Akapokea dada mpole, sina ugomvi naye, naye anabeba boksi lake. Nikamuuliza kwa nini kahawa ya Ijumaa inakuja nyuma ya bima ya Jumanne. Akasema, na nahisi alikuwa anasoma mahali, kwamba malipo makubwa kwa kawaida ndiyo ya muhimu, kodi ya nyumba, bima, mkopo wa gari, kwa hiyo benki inayatanguliza ili kunisaidia yasikwame. Nikamwambia dada yangu, hakuna kilichokwama! Zile nyingine nne mmezilipa pia! Sasa mmenisaidia nini, kama mlikuwa tayari kulipa zote sita, nani aliokolewa hapo? Kimya. Alafu akaniambia anaweza kunirudishia ada moja kwa hisani, mara moja tu kwa mwaka. Hisani. Mtu kakupora kuku wanne anakurudishia mmoja anataka umwambie asante.

Basi nikaingia kusoma. Siku mbili hizi nimesoma mambo ya benki kuliko nilivyosoma chuo, na kilichoniuma ni kwamba huu mchezo ni wa zamani na wameshashikwa nao mahakamani. Mwaka 2010 jaji William Alsup kule San Francisco aliikuta Wells Fargo inafanya hivihivi, inapanga kutoka kubwa kwenda ndogo, akaikataa hoja ya "tunawasaidia malipo ya muhimu" na kusema lengo lilikuwa kuongeza ada, akaamuru warudishe kama dola milioni 203. Kesi ikapigwa danadana za rufaa miaka na miaka. Bank of America nayo 2011 ikakubali kulipa milioni 410 kwenye kesi zilizokusanywa Miami. Kwa hiyo maelezo niliyosomewa na yule dada ni yaleyale jaji aliyoyatupa nje 2010, wameyafuta vumbi tu.

Na kuna moja niliisoma nikacheka peke yangu humu jikoni. Kulikuwa na benki Minnesota inaitwa TCF, mkuu wake alinunua boti akaipa jina "Overdraft". Si utani, ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliiandika kwenye mashtaka yake ya 2017. Jamaa anavua samaki kwa ada za pampasi na kufua nguo na hata hafichi.

Sasa hapa nisikilizeni hasa ninyi mliofika juzi, maana hapa ndipo nilipoliwa mimi.

Nilipofungua akaunti, 2021, wiki ya pili tangu nishuke ndege, Kiingereza changu bado cha kitabuni, dada wa benki akanisogezea tableti anabonyezabonyeza, akafika mahali akaniuliza, unataka ulinzi wa ovadrafti? Nani anakataa ulinzi? Nikasema ndiyo, tena nikashukuru. Kumbe tangu 2010 sheria ya huku inasema benki hairuhusiwi kukutoza ada ya ovadrafti kwenye kuswaipu kadi kwa manunuzi ya kawaida wala kutoa hela ATM mpaka wewe mwenyewe ukubali. Ule "ulinzi" ndo kukubali kwenyewe. Nilisaini ruhusa ya kukatwa nikidhani nasaini bima.

Ningesema hapana siku ile, hesabu ya Jumanne ingekuwaje? Bima 198 inalipwa kwa sababu wameiweka mbele na hela ipo. Zile kadi nne zinashuka chini ya sifuri lakini hawawezi kuzitoza hata senti. Ada sifuri. Nimekaa na hiyo hesabu usiku mzima. 140 yote imetokana na kidole kimoja kwenye tableti miaka minne iliyopita.

Na ruhusa unaweza kuifuta muda wowote, piga simu au ingia kwenye mipangilio ya apu, mimi nimeifuta Jumatano saa 3 asubuhi. Ila jueni haihusu makato yanayovutwa moja kwa moja kwenye akaunti kama bima, kodi ya nyumba, wala hundi. Hayo wanaweza kukutoza hata ukisema hapana.

Na salio la kwenye apu msiliamini sana. Ile kuswaipu kadi ikakubali si malipo, ni benki inasema "sawa" tu, malipo yenyewe yanakuja baadaye, siku moja, mbili, ikiwa wikiendi ndo hivyo. Katikati hapo lolote linaweza kuingia mbele yako. Mafuta ndo usiseme, kuna siku niliweka ya 30 wakashikilia 125 mpaka kesho yake, na kituo kinaweza kushikilia mpaka 175. Regions Bank ilipigwa milioni 191 mwaka 2022, milioni 50 faini na 141 za kurudishia wateja, kwa sababu hiyohiyo, watu wanaswaipu hela ipo, ikija kuposti wanaambiwa haikutosha.

Mtauliza serikali yao iko wapi. Ilikuwepo. Mwezi wa 12 mwaka 2024 CFPB walitoa kanuni kwamba benki kubwa, zenye mali ya zaidi ya dola bilioni 10, ada ya ovadrafti iwe dola 5, au watoze gharama halisi tu. Mabenki yakapiga kelele, bunge likaifuta, Trump akasaini mwezi wa 5 mwaka 2025, hata kuanza haijaanza. Dola tano! Ningekatwa 20 nikalala usingizi.

Kuna Mkenya kazini nilimsimulia akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwao wanaitukana Fuliza, ile ovadrafti ya M-Pesa, tangu ianze 2019, lakini Fuliza simu inakuambia kwanza hela yako haitoshi, ndipo uamue. Na sisi tuliolia na tozo za miamala 2021, nikiwemo mimi, nilikuwa bado Bongo, nilitukana mpaka sauti ikakauka, ila ile tozo angalau ilikuwa inajulikana kabla hujatuma. Hawa wanasubiri ulale.

NYONGEZA, Ijumaa mchana:

Nimeona mnasema funga akaunti ondoka. Mkuu uliyeandika hivyo, akaunti ikiwa chini ya sifuri hawakufungii mpaka ulipe, na ukikimbia wanakuandika kwenye daftari lao linaitwa ChexSystems, benki nyingine zikikuangalia humo zinakukatalia kufungua. Mshahara wangu ulivyoingia Jumatano ukaimeza 172.70 yote, deni na ada, kwa hiyo nimeshalipa bila kuulizwa. Ndiyo, nahama. Capital One na Citibank zilifuta hii ada kabisa 2022, Bank of America ikashusha kutoka 35 hadi 10, kwa hiyo mnaouliza kama inawezekana kuendesha benki bila huu wizi, inawezekana, wenzao wanafanya na hawajafa njaa.

Yule aliyesema "soma mkataba", nimeusoma, kurasa 38. Ukurasa wa 21 unasema benki inaweza kuposti miamala kwa mpangilio wowote itakaouona unafaa. Wowote itakaouona. Nikipangisha chumba kwa mkataba wa hivyo utaniita tapeli.

Jana nimepeleka malalamiko CFPB kwa mtandao, bure, nimeweka picha za apu zenye tarehe za kuswaipu na tarehe za kuposti pembeni kwa pembeni. Kwa kawaida kampuni inatakiwa ijibu ndani ya siku 15. Kama kuna mdau humu aliwahi kupeleka akarudishiwa ada zote, sio moja ya hisani, aniambie aliandika nini, na kama alienda tawini kuonana na meneja ilisaidia au alipewa peni na kalenda.

Bi mkubwa kanipigia leo kutoka Muheza anauliza ile hela ya dawa ya presha vipi. Nimemwambia mtandao unasumbua. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili ya kahawa ya dola 39.85, na wala sikuimaliza, ilikuwa imeshapoa.