Kwa nini Sinza imenyooka na Manzese imebanana?

Mpangaji mpya, Sinza Kumekucha
Wakuu, habari za jioni. Kibarua changu kiko Manzese, nimepanga Sinza, zote hapahapa Dar es Salaam. Huku barabara zimenyooka na gari la taka linafika mlangoni. Kule hata jeneza hupita kwa tabu. Sinza ilijengwa na Shirika la Nyumba?

Mkazi wa zamani, Sinza D
Hapana, mdogo wangu. Serikali haikujenga nyumba hapa, ilipima viwanja. Mradi uliitwa Viwanja na Huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, awamu ya kwanza ilianza 1974. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni barabara zilichongwa na mabomba yakalazwa, halafu mtu akapewa kiwanja ajenge mwenyewe. Viwanja vidogo vilikuwa mita za mraba 288. Manzese watu walikuwa wameshajenga; mradi huohuo ukapitisha barabara na maji katikati ya nyumba zilizopo. Si uzembe wa watu wa Manzese, na huwa inaniuma wakisemwa hivyo.

Marehemu baba alikuwa karani. Alikopa Benki ya Nyumba, akainua vyumba viwili vya uani na choo, tukahamia bila lipu. Nyumba ya mbele ilikuja polepole mno: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, vya barabarani vya kupangisha. Miaka ile simenti ilikuwa ya kibali, kuta zikasimama kwenye linta, ule ukanda wa zege juu ya milango, hadi majani yakaota sebuleni. Mama alipanda mchicha humo, tukala! Benki yenyewe ilikufa 1995, nyumba ipo.

Mama duka, Sinza Mori
Kaka umesema kweli, ila ongeza: viwanja vilikusudiwa wenye kipato cha chini. Wengi waliuza. Sasa kiwanja kilekile kina ghorofa la nyumba ya wageni, na karo la choo likijaa maji machafu yanatiririka mbele ya duka langu.

Mpangaji mpya
Shikamoo mzee, asante sana. Na ile sehemu watoto wanachezea mpira, jamaa anauza kipande. Ninunue?

Mkazi wa zamani, Sinza D
Marahaba. Usitoe hata shilingi! Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, omba kuona ramani ya mipango miji. Ikiwa pameandikwa eneo la wazi, ni pa watoto wetu wote, hata akikuonyesha karatasi yenye muhuri. Na utuambie humu, twende serikali ya mtaa pamoja.