Kupanda Uluguru kutokea Dar na kurudi siku hiyohiyo: Morningside au Bondwa?

mtembezi_ukonga

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie nyie mnaoijua Moro (Morogoro) vizuri. Tuko watu sita hapa Dar, tumezoea kutembea kila Jumamosi, tumeshazunguka sana Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe. Ni pazuri, msitu upo, hewa safi, ila vilima ni vifupi, unapanda kidogo umeshafika na juu yenyewe unaona miti tu na mabati ya watu kwa mbali. Tunatamani sehemu ukifika juu ukakaa chini mji mzima uko mbele yako na milima mingine nyuma.

Zamani Moro ilikuwa shida kwa siku moja, unakula nusu siku kwenye basi, ila sasa SGR ipo na tunafika chini ya masaa mawili. Ndo tukawaza twende na treni ya kwanza asubuhi, tupande, jioni turudi. Maswali yangu: kule milima ya Uluguru, kati ya Morningside, Lupanga na Bondwa ipi inafaa kwa hiyo ratiba? Lazima kuwa na mwenyeji wa kututembeza au njia inajulikana? Na mwezi gani mawingu hayafuniki? Miongoni mwetu kuna mama mmoja wa miaka 58, ana pumzi nzuri kuliko baadhi yetu ila magoti kwenye kushuka yanamsumbua. Natanguliza shukrani.

Msamvu_damu

Karibuni sana mji kasoro bahari mkuu.

Kwa siku moja kutokea Dar nendeni Morningside, wala msijisumbue kufikiria nyingine. Hiyo ni nyumba ya zamani waliyojenga Wajerumani enzi zao juu ya mlima upande wa kusini wa mji. Unaanzia mjini unapita njia ya Rock Garden unafuata bonde la mto Morogoro, baadae unaacha mto unaanza kupanda kati ya mashamba ya watu. Mtu wa kawaida masaa mawili hadi matatu anafika, akipumzika pumzika. Kuna barabara ya vumbi ambayo gari ngumu inapanda, na boda wapo watakusogeza mpaka mbali, kwahiyo huyo mama mnaweza mkampunguzia ile sehemu ya chini ambayo kusema kweli haina cha kuona, ni nyumba tu na mteremko.

Sasa mkifika pale Morningside geukeni mtazame kaskazini. Mji wote huo hapo. Kulia barabara ya kwenda Dar inapotelea, chini yenu pale chuo kikuu cha kilimo SUA na mashamba yake, kushoto bwawa la Mindu linang'aa asubuhi jua likilipiga, na mbele kabisa upande wa kushoto tambarare za kwenda Mkata ambazo ukizifuata ndo unaingia Mikumi. Hali ya hewa ikiwa safi mnaona mpaka milima ya Nguru kule mbali imekaa kama kivuli cha bluu. Mimi nimezaliwa hapa na bado nikifika pale nakaa chini bila kuongea.

Lupanga achaneni nayo kama mnachotaka ni kuona mbali. Kilele kiko mita 2,100 na kitu, mtapanda kwa jasho, ila juu pamefunikwa na msitu, mji unauona kwa kuchungulia kwenye miti. Kwa anayependa msitu wenyewe ni mlima mzuri mno, mie naupenda, ila sio ombi lako.

raba_mtoni88

Mimi ningesema Bondwa. Ile yenye minara ya mawasiliano inayoonekana ukiwa popote mjini. Mnajiita watembezi halafu mnaishia Morningside ambako watoto wa shule wanaenda na begi la madaftari? Njia iko wazi, ukishapita Morningside unaendelea tu juu unaingia msituni unatokea kwenye minara, huwezi kupotea na mwenyeji wa nini, mnalipa hela bure. Vijana tunaamka saa kumi tunapanda tunarudi jioni freshi kabisa.

Binti_Kilakala

Kaka raba_mtoni, nyie mnaamka saa kumi mkiwa mmelala Moro. Hawa wanatoka Dar. Mpaka washuke treni stesheni ya Kihonda, wapate usafiri wa kuvuka mji, wanywe chai, saa nne hiyo au na nusu. Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari na Bondwa iko juu ya 2,100, maana yake wapande zaidi ya mita 1,600 halafu washuke zote, na mtu mwenye magoti, halafu wawahi treni? Giza litawakuta msituni. Usiwashauri wageni hivyo jamani.

Na hilo la mwenyeji. Ukishapita mashamba ukaingia kwenye msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Hauingii kienyeji, unaenda ofisi yao hapa mjini, unapewa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) unalipia kibali, na wao ndo wanakuunganisha na mtu wa kwenda nae. Msitu wenyewe ni wa aina yake, uko kwenye ile mlolongo wa milima wanaita Tao la Mashariki inayoanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, kuna ndege na mimea hauipati sehemu nyingine yoyote duniani. Na maji ya mito ya hapa ndo yanaingia Ruvu, Ruvu ndo mnayokunywa nyie wa Dar. Kwahiyo hiyo hela ya kibali mnayosema bure sio bure, walau kuna anayelinda.

Mtembezi, kwa Morningside hata kama njia inajulikana chukueni kijana wa huku awatembeze. Sio kwa kupotea. Njia zinapita katikati ya mashamba na kwenye nyua za watu, ukiwa na mtu wanayemjua mnapokelewa vizuri, ukiwa kundi la watu sita na kamera unakatiza kwenye mbaazi za mtu ni kama umemvamia nyumbani kwake. Salimieni kila mnayekutana nae, wazee wapeni shikamoo, na kabla hujampiga mtu picha muombe. Mama zetu wanashuka asubuhi na matenga ya mboga kichwani wakiwahi soko la Chifu Kingalu, karoti, koliflawa, majani ya chai ya porini, stroberi msimu wake, na mguuni ana yeboyebo tu kwenye njia ambayo wewe na raba yako unatambaa. Akiwa anashuka mpishe, sogea pembeni yeye apite bila kusimama upande ulio salama, mzigo ule akishasimama kuuanzisha tena ni kazi. Na mkinunua kitu nunueni kwake hukohuko juu, mtapata bei nzuri na yeye atapunguza safari.

mtembezi_ukonga

Asante sana dada Binti_Kilakala, hii ya kupisha sikuwa naijua, naipeleka kwenye grupu letu la wasap leo leo. Nawe Msamvu_damu ubarikiwe. Basi Bondwa tunaiweka pembeni mpaka siku tukija kulala. Vipi kuhusu mawingu na mvua? Tulikuwa tunawaza mwezi wa nne sikukuu ya Pasaka.

Msamvu_damu

Pasaka ni katikati ya masika mkuu, usije. Hata mvua isiponyesha siku hiyo, udongo wa ule mlima ni mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni na kwenye kushuka ndo hatari, hapo huyo mama na magoti yake mtambeba. Njooni kuanzia Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari kama vuli limeisha mapema. Juni na Julai ndo naipenda mimi, mlima bado kijani, mito ina maji, na baridi ya juu asubuhi mpaka unavaa sweta.

Ila kila msimu una lake. Agosti na Septemba watu wanachoma mashamba, moshi unakaa kwenye tambarare, Nguru huioni na hata Mindu inakuwa na ukungu. Na kwa mwaka mzima sheria ni moja, asubuhi. Upepo wa baharini unapiga milima kutoka mashariki, kule upande wa Kinole na Matombo wanapata mvua karibu mwaka mzima, huku kwetu mjini tumekingwa kidogo, lakini kadri jua linavyopanda mawingu yanavuka kilele yanashuka upande wetu. Saa mbili asubuhi mlima uko wazi kama umeoshwa, saa saba huoni kilele. Ndo maana kama mnaweza njooni Ijumaa jioni mlale, gesti za bei nafuu ziko nyingi, Jumamosi saa kumi na mbili kamili muwe mmeshaanza. Mtakuwa mnashuka wakati wengine ndo wanapanda na jua la utosi.

Mwanjelwa_one

Na nyie watu wa pwani siku moja fikeni Mbeya. Loleza iko palepale nyuma ya mji, 2,600 na kitu, jiji lote chini yako na bonde la Usangu kwa mbali, hakuna msitu wa kukuziba macho. Najua ni mbali, naweka tu akiba.

raba_mtoni88

Binti_Kilakala nimekuelewa dada, kwa watu wa treni uko sahihi, sikuhesabu ule muda wa Kihonda mpaka mlimani. Ila mkija kulala naomba msiidharau Bondwa. Ukitoka Morningside unaingia kwenye msitu, ghafla baridi, miti ina ndevu za kuvu, unasikia ndege tu, halafu mbele kwenye minara panafunguka. Hakuna sehemu Moro inafanana na ile. Chukueni kibali, chukueni mwenyeji, na maji ya kutosha.

Afu maporomoko ya Choma hamjayataja. Yako hukohuko njia ya Morningside, mnachepuka. Kwa mwenye magoti ni sehemu nzuri ya kumuacha apumzike na mtu mmoja, miguu ndani ya maji, wengine wakaendelea juu.

Binti_Kilakala

Choma ni kweli, nzuri sana, Juni maji bado mengi. Ila mawe ya pale yana utelezi, asivue viatu akatembea, akae pembeni tu.

Kwa magoti kingine, kateni fimbo mbili, sio moja. Kijana atakayewatembeza muulizeni awatafutie, wanajua mti mwepesi. Akishuka aende mshazari, asishuke wima na asiharakishwe na nyie. Na kwenye kurudi muite boda aje mumkute pale barabara ya vumbi inapoanza kuwa nzuri, panga nae tangu asubuhi na uchukue namba yake, kwasababu mchana huko juu hawapandi wenyewe mpaka waitwe na mtandao unakatika kwenye mabonde.

mtembezi_ukonga

Wakuu nimekaa na wenzangu usiku huu tumeamua. Tunakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita na treni ya jioni, tunalala, Jumamosi saa kumi na mbili tunaanza, Choma kisha Morningside, Jumapili asubuhi sokoni Kingalu halafu treni. Yule mama kafurahi kweli kusikia habari za fimbo mbili, kasema yeye anafika mpaka juu, Choma mtamuacha nani.

Nauli mwaka 2024 treni ilipoanza ilikuwa elfu 13 daraja la kawaida, kuna anayejua sasa hivi ikoje? Na tiketi za Ijumaa jioni zinaisha mapema?

Msamvu_damu

Bei angalia kwenye mfumo wao wenyewe wa tiketi ndo utapata ya leo. Ijumaa jioni na Jumapili watu ni wengi, kateni mapema na mje na vitambulisho. Mkishuka Kihonda msikubali bei ya kwanza ya bajaji, mkiwa sita chukueni mbili mpatane kabisa mpaka gesti. Kijana wa kuwatembeza ninaye jirani yangu, kakulia hukohuko Choma, nicheki inboksi.