Naombeni ushauri: gemu yetu ya uvuvi wa dagaa inakaribia kutoka, waandishi tutawapataje?

MtaaWaKirumba
Wakuu, mwadila. Tuko vijana wawili hapa Mwanza, mimi naandika programu, mwenzangu anachora na kutengeneza sauti. Tuna gemu ya kompyuta, tumeiita Karabai. Wewe ni mvuvi wa dagaa: unatoka mwaloni jioni, unawasha taa majini, unasubiri, unavuta nyavu. Ukurasa uko Steam tayari, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na demo, kipande cha kujaribia, inacheza hata kwenye laptopu ya kawaida.

Shida ni kujulikana. Tumeandikia tovuti za gemu za Ulaya na Marekani, kimya. Hapa nyumbani alikuja mwandishi mmoja, akapiga picha, halafu akataja "nauli" ambayo hatuna. Na sasa kuna mtu ametuandikia Kiingereza kizuri kabisa kwamba ana chaneli kubwa YouTube, anaomba funguo tano za gemu, yaani namba za kuifungulia bila kununua, acheze na wenzake.

Barua yetu inaanza hivi: "Hii ni gemu ya kwanza ya uvuvi kutoka Tanzania, iliyotengenezwa na vijana wazalendo wa Mwanza, jiji la miamba." Tunaambatanisha na picha za Bismarck Rock. Wenye uzoefu, tulipe, tusubiri au tuitoe tu ijitafutie? Nawasilisha.

Kisesa Junior
Weka linki mkuu.

Mzee wa Fursa
Mjini hakuna cha bure kijana. Mpe huyo mwandishi nauli yake, mtoke kwenye TV, mengine yatajipa.

DawatiLaMichezo
Mkuu, usimfuate huyo wa juu. Nimekaa dawati la habari, najua unachonunua pale: dakika moja, mnaonyeshwa mmekodolea macho kompyuta, msomaji anasema "vijana wabunifu", basi, inakuja taarifa ya bei ya mahindi. Nyumbani watafurahi, na hilo si dogo, lakini anayetazama taarifa ya saa mbili hana akaunti ya Steam.

Sasa barua. "Ya kwanza" imeshachuja. Wakenya walitoa Nairobi X mwaka 2015, na Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, wakatoa Aurion mwaka 2016, vyombo vya nje vikawaandika. Mhariri akiona tena "ya kwanza kutoka" anauliza tu: inachezwaje? Uzalendo ni wenu, yeye haumhusu. Bismarck Rock ndiyo kabisa. Sisi tunaona nyumbani, mtu wa Poland anaona jiwe limekalia jiwe.

Nimeipakua demo, na kitu chenyewe mmekificha. Mwezi unapokua, taa inapoteza nguvu, dagaa hawakusanyiki, na mafuta umeshakopa kwa mwenye mtumbwi. Nimebaki nchi kavu nahesabu deni mpaka giza lirudi. Nimecheza gemu nyingi za uvuvi, sijaona ambayo adui wake ni mbalamwezi. Hiyo ndiyo iwe kichwa cha barua na sentensi ya kwanza. Mwanza itaje ya pili, kwa sababu ndiyo inayoeleza mmeyajulia wapi haya.

Trela yenu inaanza na nembo, halafu jina, halafu jua linazama. Hakuna mwandishi atakayefika hapo. Sekunde ya kwanza iwe taa na nyavu, mchezo wenyewe unachezwa.

Mengine ni kazi ya mikono. Tengenezeni ukurasa mmoja wa wanahabari: maelezo mafupi, trela, picha safi zisizo na maandishi juu yake, bei, tarehe, barua pepe. Msiambatanishe mafaili mazito. Rami Ismail wa Vlambeer, iliyokuwa studio ya gemu Uholanzi, aliwahi kutoa bure zana ya kutengenezea ukurasa wa namna hiyo, na mpangilio wake bado unafaa kuigwa. Halafu mwandikieni mtu, si tovuti. Tafuteni nani aliandika kuhusu gemu za maisha ya kazi au za usimamizi, mtajie makala yake, mpe linki ya demo. Mkumbushe mara moja, akinyamaza mwacheni.

Capri_Usiku
Huyo wa funguo tano ni tapeli mpaka athibitishe vinginevyo. Mchezo wao ni huo: wanachukua funguo, zinakwenda kuuzwa kwenye masoko ya nje. Fungua chaneli yenyewe, chukua barua pepe iliyoandikwa pale, mwandikie wewe kwa anwani hiyo umuulize kama ndiye aliyeomba. Herufi moja tu ikitofautiana, achana naye. Wale wanaojiita wakuzaji wa Steam (curators, wanaopendekezea watu gemu humo) watumieni kupitia Curator Connect, iko humo humo ndani ya Steam, unampa nakala bila kumkabidhi ufunguo.

Nyakato Online
Mimi naona waandishi mnawapa uzito mno. Among Us ilitoka 2018 karibu hakuna aliyeijali, ikalipuka 2020 mastrima, wale wanaocheza gemu mubashara mtandaoni, walipoichukua. Nguvu zote ziende kwa mastrima.

DawatiLaMichezo
@Nyakato Online ile wanacheza watu wengi, wanadanganyana na kupiga kelele, strima anapata kipindi bure. Karabai ni gemu ya kusubiri gizani. Wapo mastrima wa gemu tulivu, wadogo wadogo, hao sawa. Ila kwa kuanzia ningewekeza kwenye Steam Next Fest, tamasha la Steam la demo za gemu zinazokaribia kutoka. Huja mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, na gemu inaingia mara moja tu. Chagueni ile iliyo karibu na siku ya kutoka, na barua ziende wiki chache kabla yake, demo ikiwa tayari. Wakati huo waandishi wenyewe wanatafuta demo za kutaja.

Mama Dagaa Igombe
Wanangu, hongereni. Mimi gemu sijui, picha nimeziona kwa mwanangu. Picha ya pili mmeanika dagaa mchangani. Mialo siku hizi kuna chanja, dagaa wa mchangani bei yake ni nyingine. Na wanawake wako wapi? Mtumbwi ukifika asubuhi nani anapokea, nani anaanika, nani anapanga bei? Mmeweka wanaume watupu.

Capri_Usiku
Mama kaua.

MtaaWaKirumba
Mama, shikamoo. Umesema kweli. Chanja tunaweka wiki hii, tena iwe ya kuchagua: mchanga ni bure lakini bei inashuka, chanja unalipia. Upande wa asubuhi unahitaji kazi zaidi, tutakuja Igombe kama utaturuhusu tukusumbue kwa maswali.

@DawatiLaMichezo shikamoo mkuu. Barua naiandika upya, trela tunaikata leo leo. Na redio za hapa je, tuziache kabisa?

DawatiLaMichezo
Marahaba. Msiziache, ila msiende kuomba kutangazwa, pelekeni tukio. Na tukio mnalo: mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wako nchi kavu. Chukueni laptopu mbili mwaloni jioni hiyo, wavuvi wacheze wavuvi. Watawacheka, watawasahihisha, watabishana nani mkopaji mzuri. Redio inapata sauti, nyie mnapata video fupi ya mvuvi halisi akishindwa na gemu ya uvuvi, na hiyo ndiyo mnayowatumia watu wa nje. Ongeeni na uongozi wa mwalo kwanza. Na kama hamna mpiga picha, pale chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, wanafunzi wa uandishi wa habari wanatafuta kazi za kujifunzia. Wapeni chakula na majina yao kwenye video.

Mama Dagaa Igombe
Marahaba wanangu. Njooni. Msije Jumamosi, nina msiba Kayenze.

Mzee wa Fursa
Haya, hiyo ya mwaloni nimeikubali. Nauli sijabadilisha mawazo.

NansioBoy
Toleo la simu lini? Huku Ukerewe hizo laptopu mnazosema anazo mwalimu mkuu peke yake.

MtaaWaKirumba
@NansioBoy kwanza hii itoke. Simu inahitaji kuchora upya vitufe vyote, na mwenzangu akisikia leo ataniacha.