Kuunganisha hazina ya maudhui na PostGIS: jiometri ikae upande gani?

Muulizaji

Salaam, wanajukwaa. Tunahifadhi ripoti, picha na nyaraka za upimaji katika Apache Jackrabbit, hazina ya maudhui inayofuata JCR (kiwango cha lugha ya Java cha hazina za namna hiyo), na hifadhidata iliyo chini yake ni PostgreSQL. Sasa watumiaji wanataka kuchora eneo kwenye ramani na kuletewa nyaraka zote zinazolihusu. Nilikusudia kuandika mpaka wa eneo katika nodi ya kila waraka (kipande cha hazina kinachobeba waraka na sifa zake) kama sifa ya maandishi, kwa muundo wa WKT (umbo la ramani lililoandikwa kwa maneno na namba), kisha kusakinisha PostGIS, kiendelezi cha PostgreSQL cha data za kijiografia, katika hifadhidata hiyohiyo ili itafute humo. Je, njia hiyo inafaa? Na ikiwa jiometri itakaa kwingine, nitazuiaje pande hizo mbili zisianze kupingana?

Fundi Jedwali

Ndugu muulizaji, kusakinisha PostGIS katika hifadhidata hiyohiyo hakutakusaidia kama unavyotarajia. Fungua majedwali ya Jackrabbit uyatazame: katika mpangilio wake wa kawaida, nodi pamoja na sifa zake hufungashwa kuwa furushi moja la baiti na kuwekwa katika safu moja ya jedwali. PostgreSQL huliona furushi hilo tu. Haijui kwamba ndani yake kuna poligoni, na kwa sababu hiyo faharasa ya GiST, ambayo PostGIS huitumia kutafuta maumbo, haina cha kushika. Faharasa ya maandishi ya Jackrabbit nayo hujengwa kwa Lucene, maktaba ya utafutaji wa maandishi, nje ya hifadhidata, na WKT kwake ni mfululizo wa herufi na tarakimu tu.

Tengeneza jedwali lako mwenyewe lenye safu ya jiometri na safu ya kitambulisho cha nodi, yaani ile UUID inayopatikana nodi ikiwa na aina ya mix:referenceable. Usitumie njia ya nodi kama ufunguo. Mtu akihamisha folda, UUID za nyaraka zilizomo hubaki zilivyo, ilhali njia zote zilizo chini ya folda hiyo hubadilika kwa mkupuo mmoja, na usitegemee kwamba kila waraka uliomo utatolewa tukio lake la kuhama. WKT iache katika nodi kama ulivyopanga, kwa kuwa hiyo ndiyo asili. Jedwali la PostGIS litakuwa faharasa tu, ambayo unaweza kuifuta na kuijenga upya wakati wowote.

Muulizaji

Nashukuru, hilo la furushi la baiti sikulifahamu. Kuhusu kulinganisha pande mbili, nimesoma kwamba JCR inaruhusu miamala ya JTA, yaani miamala ya Java inayoweza kugusa mifumo kadhaa kwa pamoja. Je, nitumie uthibitishaji wa hatua mbili wa muamala (two-phase commit) ili nodi na rekodi ya PostGIS ziandikwe pamoja?

Mlinzi wa Foleni

Inawezekana, lakini mimi nisingeichagua njia hiyo. PostgreSQL huja ikiwa na max_prepared_transactions yenye thamani ya sifuri, maana yake miamala ya namna hiyo imezimwa hadi uiwashe mwenyewe. Na ukishaiwasha, muamala ulioandaliwa ukaachwa bila kukamilishwa huendelea kushikilia kufuli zake hata baada ya seva kuwashwa upya. Ni mzigo mkubwa kwa faharasa ambayo, kama alivyosema mwenzangu, inaweza kujengwa upya.

Mimi ningeweka msikilizaji wa matukio ya hazina. Kumbuka tu kwamba matukio hayo hufika baada ya mabadiliko kuhifadhiwa, na programu yako ikiwa imezimwa wakati huo yatakupita. Kwa hiyo msikilizaji asiandike jiometri moja kwa moja. Aweke UUID katika foleni, kisha mfanyakazi wa foleni aisome nodi ilivyo wakati huo na kuandika upya rekodi yake nzima. Kwa namna hiyo tukio likirudiwa halitadhuru kitu. Kila usiku endesha kazi ya kulinganisha UUID za pande zote mbili, hasa kwa ajili ya nodi zilizofutwa, kwa kuwa mfumo unaofuta mti mzima si lazima ukutangazie kila jani.

Msoma Ramani

Naomba kuongeza jambo la viwianishi. WKT haitaji mfumo wa viwianishi inaoutumia, hivyo hifadhi msimbo wa SRID (namba inayoutambulisha mfumo huo) katika sifa yake ya pekee. Mpangilio wa longitudo na latitudo nao huleta maafa ya kimyakimya: PostGIS na muundo wa GeoJSON hutanguliza longitudo, ilhali ufafanuzi rasmi wa EPSG:4326 (mfumo wa WGS 84 unaotumia digrii) hutanguliza latitudo. Nukta ya longitudo 10 na latitudo 50 iko Ujerumani. Ikigeuzwa inaangukia Somalia, na hakuna ukaguzi wa mipaka ya namba utakaoikataa, kwa kuwa namba zote mbili ni halali. Aidha, ukitumia ST_DWithin (kitendakazi cha PostGIS kinachotafuta vilivyo ndani ya umbali fulani) kwa aina ya geometry katika 4326, umbali unaotaja ni wa digrii, na digrii moja ya longitudo ni takriban kilomita 111 kwenye ikweta lakini nusu ya hapo kwenye latitudo 60. Ukitaka mita, tumia aina ya geography.

Fundi Jedwali

Limebaki suala la ruhusa, na ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. PostGIS haijui nani anaruhusiwa kusoma nini. Kila UUID inayorudi ni lazima ifunguliwe kwa kikao cha mtumiaji mwenyewe. Asiporuhusiwa, getNodeByIdentifier, yaani wito wa JCR wa kufungua nodi kwa kitambulisho chake, itajibu kwamba nodi haipo. Kwa hiyo ukiomba rekodi 20 huenda zikabaki 3 baada ya mchujo, nawe utalazimika kuendelea kuvuta mafungu hadi ukurasa ujae. Usionyeshe kamwe idadi iliyotoka PostGIS moja kwa moja juu ya ramani: mtu anayeona duara lenye namba 7 mahali anaporuhusiwa kusoma waraka 1 amekwisha kujua kwamba hapo kuna nyaraka 6 anazofichwa. Ikiwa ruhusa zenu hutolewa kwa makundi machache, weka vitambulisho vya makundi hayo katika jedwali la jiometri ili mchujo wa kwanza ufanyike hukohuko, lakini neno la mwisho liachie hazina.