Uzi wa mabaika wa Arusha na Moshi: ulifunga nini kwenye pikipiki, barabara ikakulazimisha ukifungue? Tupeane uzoefu

#1 Mleta uzi, Njiro

Wakuu habari za jioni. Huu si uzi wa kubishana pikipiki ipi inakimbia zaidi, hizo nyuzi zimejaa. Nauliza kitu kimoja tu: ni kitu gani ulikifunga kwenye pikipiki yako kwa mbwembwe, pesa ikakutoka, halafu ukaja kukifungua kwa mikono yako mwenyewe? Na mnaotembea kwa kundi, kipi mlikuwa mnafanya mkaacha?

Naanza na aibu yangu.

Pikipiki yangu ni ya cc 650. Nilikuwa naangalia video za watu wanavuka jangwa na makasha ya alumini ubavuni, roho ikatamani. Kuyaagiza nje, kwa bei ile, bora nimwongezee shemeji anunue toyo, pikipiki ndogo ya bodaboda. Basi nikachora kwenye daftari la mwanangu, nikashuka Unga Limited kwa jamaa wa kuchomelea, tukatumia bati la chuma la milimita 2. Yakatoka mazuri kweli. Nikapiga rangi nyeusi, nikabandika na stika ya bendera. Kasha moja likiwa tupu lilikuwa kilo 11. Ukijumlisha fremu ya kuyabebea, nilikuwa natembea na kilo 30 za chuma kabla sijaweka hata soksi.

Lami haikusema kitu. Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, raha mustarehe. Tulikuwa watatu tunaelekea Ngare Sero kuuona mlima Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Tulipoipita Engaruka ndipo shughuli ikaanza. Barabara ina mikunjo kama bati la nyumba, halafu kuna vumbi laini kama sembe, limejaa kwenye mashimo huoni jiwe lililo chini. Kila nikishusha mguu kujiegemeza, kasha linanikamata mguu kwa nyuma. Mara nikasikia *kak*. Nikadhani jiwe.

Halikuwa jiwe. Makasha yalikuwa mazima kabisa, hata rangi haijachubuka. Kilichopasuka ni fremu ya pikipiki kule nyuma, ile inayobeba kiti.

Tukiwa tunahangaika na mikanda na kipande cha mti, akaja kijana anachunga mbuzi, fimbo begani. Akayaangalia yale makasha muda mrefu, akauliza, "Humo kuna nini?" Nikafungua. Kulikuwa na mkeka wa kulalia, sufuria na chupa mbili za maji. Akacheka, akaendelea na mbuzi wake.

Siku hizi natembea na mifuko miwili ya turubai. Alinishonea fundi wa maturubai, na yote miwili haifiki kilo 4. Haya, wengine.

#2 Sakina

Nimekaa hapa nasubiri. Ila uzi bila picha haunogi, mkuu.

#3 Moshi, Shanty Town

Mimi ni mdada, nina urefu wa sentimita 160, na pikipiki niliyoipenda kiti chake kipo juu. Kila mtu akawa ananiambia "ishushe hiyo, dada". Nikamkubalia mmoja anayejiita mtaalamu, akabadilisha vile vyuma vinavyounga shokapu ya nyuma. Ikashuka kama sentimita 3. Miguu ikafika chini vizuri, nikafurahi wiki nzima.

Ambacho hakuniambia, au hakukijua, ni kwamba ukiishusha pikipiki, ile stendi ya pembeni inabaki na urefu wake wa zamani. Kwa hiyo pikipiki ikisimama hailali upande, inasimama wima kama askari wa gwaride. Upande wa mbele nao hatukuugusa, kwa hiyo hata kona ikawa inaikata kwa uvivu. Na matuta yetu mnayajua: lile la kwanza tu lilikwangua tumbo la injini.

Siku ya siku tulikuwa Same. Upepo wa Same wenye kuujua wanaujua. Nimepaki sheli, nimeingia kulipa, nikasikia kishindo. Imelala chini yenyewe, klachi imekatika mkono, kioo kimoja hakipo. Kijana wa sheli ananiangalia kama vile mimi ndiye nimeisukuma.

Nikarudisha vyuma vya mwanzo. Nikampa fundi wa masofa kiti, akapunguza sponji katikati na pembeni pale mapaja yanapopita. Nikanunua na buti zenye soli nene. Sasa mguu mmoja unakanyaga vizuri na mwingine unafika kwa vidole. Inatosha. Hakuna sheria inayosema lazima miguu yote ikae chini bapa.

#4 Mleta uzi

Dada, hiyo ya stendi sikuwahi kuifikiria. Pole kwa kioo.

#5 Moshi, Soweto

Mimi ni taa. Nilifunga LED mbili za mbele, kila moja wati 40, nikazipeleka moja kwa moja kwenye betri bila relei (kile kiswichi cha umeme kinachowasha na kuzima vitu vinavyokula umeme mwingi). Nikaweka na chaja ya simu, na kimashine cha kupasha moto mikono kwa sababu nilikuwa naenda Karatu mwezi wa saba na kule asubuhi ni baridi ya kuuma meno. Hesabu ndogo tu ambayo sikuifanya: wati 80 za taa kwa volti 12 ni karibu ampea 7, bado taa ya kawaida, bado mikono. Pikipiki ilikuwa inakula kuliko inavyochaji.

Tukasimama Makuyuni kula nyama, saa moja usiku. Kurudi, kimya. Wenzangu wakasema tusukume. Tukasukuma mpaka jasho, wapi. Yangu inatumia pampu ya umeme kupeleka mafuta, na betri ikishafa kabisa pampu haizunguki, kwa hiyo hata mngeisukuma mpaka Minjingu isingewaka. Za kabureta ndizo zinazookoka kwa kusukuma. Tuliazima betri ya gari, Noah, na nyaya za kuunganishia, injini ya Noah ikiwa imezimwa.

Nimebakiza taa moja, ina relei na fyuzi yake, na inazima nikizima swichi kuu. Mikono navaa glavu mbili.

#6 Arusha, Kijenge

Kioo kirefu cha upepo, njia ya Namanga. Badala ya kuzuia upepo kikawa kinaurusha wote kwenye helmeti. Kufika Longido kichwa kinagonga kama ngoma. Nikakikata kwa msumeno wa chuma sentimita 8. Kibaya kukiangalia, kizuri kukitumia.

#7 Moshi, Pasua

Ngoja na sisi wa Boxer tuseme, maana naona mnatuita "toyo" kana kwamba sisi hatusafiri. Nimeitoa Boxer 150 Moshi mpaka Lushoto na kurudi. Mwendo 60, 70, mke nyuma, begi limefungwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa.

Kosa langu ni sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Niliambiwa nikiongeza jino moja mbele injini itatulia kwenye lami. Kweli ilitulia, Same, Hedaru, mpaka Mombo naimba. Ukiiacha Mombo unaanza kupanda kwenda Soni, kona juu ya kona, ukuta mkono mmoja na bonde mkono mwingine. Gia ya kwanza ikawa ndefu mno kwa watu wawili na mzigo. Nikawa nabembeleza klachi kila kona mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Mama watoto akashuka akatembea kipande. Sitaandika aliyoyasema.

Lakini wakuu wa pikipiki kubwa, niwaulize. Njiani pale Hedaru nilimkuta mmoja wenu, pikipiki ya mamilioni, waya wa klachi umekatika. Spea eti ipo Nairobi. Aliyemuokoa ni fundi wa bodaboda chini ya mwembe: alichukua waya wa breki ya baiskeli, akatoa kile kikonekta kidogo cha skrubu ambacho mafundi umeme wanaungia nyaya za taa, akakikaza mwishoni kama kichwa cha waya. Jamaa akaondoka. Tangu siku ile natembea na vikonekta vitatu kwenye mfuko wa shati.

#8 Fundi, Ngaramtoni

Nawasoma tangu jana. Mnaongelea vitu vya kufunga, mimi nasema vya kukaza na kuosha, maana ndivyo vinavyonipa kazi.

Moja, cheni. Mtu anakaza cheni pikipiki ikiwa tupu mpaka imekuwa kama uzi wa gitaa, halafu anapakia mzigo na abiria. Nyuma ikibonyea cheni inazidi kuvutika, inakula beringi na sproketi. Nyingi zinataka mlegeo wa milimita 30 mpaka 40 hivi, lakini soma kitabu cha pikipiki yako, usisome mtandao. Halafu kalia, mwenzako aangalie kama bado inacheza.

Mbili, chujio la hewa. Mnarudi Natron mnaosha pikipiki inang'aa, mnapiga picha. Fungua chujio uone. La sponji unaosha, unakausha, unapaka oili yake. La karatasi hilo usilitie petroli wala maji, badilisha. Nimefungua injini yenye mchanga ndani, mwenyewe anasema "ila naiosha kila wiki, fundi".

Breki na tairi sijaona hata mmoja amezitaja. Haya.

#9 Moshi, Majengo

Fundi katupiga na chuma, ila kasema kweli. Mimi naleta ya kundi.

Tulikuwa 11, mzunguko wa Rombo: Moshi, Himo, Marangu, Mwika, Mkuu mpaka Tarakea. Kiongozi anaijua njia, mkia (anayefunga msafara nyuma) yupo, tumeongea pale Moshi kabla ya kuondoka, kila kitu safi. Kwenye lami iliyonyooka tulikuwa tunapishana, mmoja kushoto mmoja kulia, na kwenye kona tunaingia mstari mmoja. Hilo nalisisitiza kwa njia ya Rombo, kwa sababu kila kona ina toyo limebeba ndizi mkungu mitatu au watoto wanatoka shule.

Pale Himo sisi wa mbele tukakata kushoto kupanda Marangu. Katikati ya kundi kuna kaka mmoja wa Arusha, mara yake ya kwanza upande huu, lori likamkata na wa mbele yake. Akafika njia panda hatuoni. Akakata kulia, barabara kubwa. Wawili waliokuwa nyuma yake wakamfuata. Mkia naye akawafuata hao.

Tumefika Marangu Mtoni tunahesabu, tuko saba. Napiga simu, kaka anapokea kwa furaha: "Mangi, mko wapi? Mimi nimeshafika mbele nawasubiri." Nikamuuliza hapo unaona nini. Akasema anaona kibao kimeandikwa Mwanga.

Tukaacha ule utaratibu wa kumtegemea kiongozi na mkia. Sasa kila mtu anamchunga aliye nyuma yake. Ukifika njia panda, usikate mpaka umwone kwenye kioo. Humuoni, unasimama, na wa mbele yako naye atasimama kwa sababu hakuoni wewe. Wenye haraka wanalalamika. Wawili wameacha kuja, na safari zimekuwa nzuri zaidi.

#10 Dar, mgeni

Wakuu nakuja huko mwezi ujao na pikipiki. Ngorongoro naweza kuingia nayo?

#11 Mleta uzi

Hapana. Hifadhini pikipiki haziruhusiwi, na ukiwaona simba utaelewa. Iache Karatu sehemu salama, tafuta gari na dereva. Au usiende kabisa, panda West Kilimanjaro upande wa Ngare Nairobi asubuhi kukiwa hakuna wingu. Na njiani kwenye vijiji mwendo ni 50. Trafiki wa tochi za kupima mwendo wapo, na faini ni kwa kila kosa.

#12 Moshi, Pasua

Mleta uzi, yale makasha ya chuma uliyapeleka wapi? Nina jirani anayatafuta ya kuwekea zana.

#13 Mleta uzi

Yako nyuma ya nyumba. Moja kuku anaatamia. Hilo lingine njoo na Boxer yako ulibebe, kama itaweza.